Kihoro cha Kufiwa na Mbwa: Msiba Usiotangazwa

Hebu mwambie mkubwa wako kazini kwamba leo utachelewa kwa kuwa mbwa wako amekufa usiku. Aghalabu atakutazama usoni aone kama unafanya mzaha, kisha atakuuliza kama umeshapata mwingine. Ungalimwambia kwamba amefariki binamu yako ambaye hamjaonana kwa miaka kumi, angalikupa pole, angalitoa mchango, na pengine angalikuruhusu uondoke mapema. Lakini mbwa hana matanga. Hakuna jirani atakayekuja na chupa ya chai, wala hakuna atakayekuuliza wiki ijayo unaendeleaje.

Hata lugha yetu imekwama hapo. Sarufi humweka mbwa katika ngeli moja na watu, tunasema mbwa amekuja kama tusemavyo mtoto amekuja, lakini siku ya mwisho wao huachana: mtu hufariki, mbwa hufa. Na ukitaka kumtukana mtu hapa kwetu, jina la mbwa liko karibu na ulimi.

Huzuni, hata hivyo, haijui kwamba imekatazwa. Sisi madaktari hukutana nayo kliniki ikiwa imejifunika shuka la maradhi mengine. Kuna mama mmoja mjane, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, aliyenijia akilalamika kwamba hapati usingizi na kwamba kichwa kinamgonga. Shinikizo lake la damu, ambalo lilikuwa limetulia kwa miaka kadhaa, lilikuwa limepanda. Dawa alikuwa akimeza. Chumvi hakuwa ameongeza. Nikamwuliza, "Mama, kumetokea msiba wowote nyumbani?" Akajibu, "La, Daktari, hakuna." Alikuwa keshasimama na mkoba wake mkononi aliposema, huku akicheka kidogo kwa haya, "Labda ni mambo ya yule mbwa." Mbwa huyo aliletwa nyumbani na marehemu mumewe akiwa mdogo wa kutoshea kapuni. Kwa miaka minane baada ya mume kufariki, mbwa ndiye aliyekuwa akimsubiri mama langoni jioni. Sasa lango lilikuwa tupu, na mama hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Mwaka 1989, msomi wa Marekani aitwaye Kenneth Doka aliandika juu ya huzuni ya namna hii, ile ambayo jamii haimpi mtu haki ya kuionyesha. Mimi nadhani Waswahili walikuwa na neno lililo karibu nayo zamani: kihoro. Si huzuni ya kulia tu, bali ni ile inayoingia ndani na kumwuguza mtu. Ninachotaka kukueleza leo ni kwamba kihoro cha kufiwa na mbwa si upuuzi wala si tabia ya wazungu. Ni jambo la mwili, na likifichwa kwa sababu ya aibu huweza kuleta madhara.

UHUSIANO WA KALE

Tuanze na swali ambalo jirani yako atauliza: mbwa ni mbwa, ya nini kumlilia?

Mwaka 1914 wachimba mawe katika mtaa wa Oberkassel, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Pamoja nao walikuwamo mifupa ya mbwa mchanga. Wataalamu waliochunguza meno ya mbwa huyo katika miaka ya karibuni waliona dalili kwamba aliwahi kuugua vibaya, na wakakata kauli kwamba hangaliweza kuishi wiki zile zote bila mtu wa kumwuguza. Fikiria hilo, msomaji. Watu wasiokuwa na shamba wala ng'ombe, waishio kwa kuwinda, waliketi na mtoto wa mbwa asiyewafaa kwa lolote wakamlisha, kisha wakazikwa naye.

Kuna na ushahidi wa damu, au niseme wa mkojo, maana ndimo ulimopimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana kwa muda mrefu, homoni iitwayo oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Hiyo ndiyo homoni inayomfunga mama na mtoto wake anyonyeshapo. Mbwa mwitu waliolelewa na watu walipojaribiwa, jambo hilo halikuonekana. Kwa hiyo usemapo kwamba Simba alikuwa "kama mtoto wa nyumbani", hukutia chumvi sana.

Wala si lazima mbwa awe wa kulala kitandani ndipo mwenyewe aguswe. Wengi wetu hapa nchini tunafuga mbwa wa ulinzi. Ubao wa "Mbwa Kali" langoni ndio salamu ya mitaa yetu mingi. Kwa Waislamu walio wengi katika Pwani yetu mate ya mbwa ni najisi, hivyo naye hukaa nje na chombo chake mwenyewe. Lakini mlinzi aliyebweka usiku kwa miaka kumi akinyamaza, nyumba nzima hulala macho wazi.

MWILI UNAFANYA NINI

Unapofiwa, ubongo huupa mwili amri ya kujihami. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, tumbo husokota, hamu ya chakula hupotea, na usingizi hukatika saa nane au tisa za usiku. Mwenye kisukari huenda akaona sukari yake imepanda ingawa hajabadilisha chakula. Mwili haupimi cheo cha aliyekufa kabla ya kufanya hayo. Hupima jinsi maisha yako ya kila siku yalivyokuwa yamefungamana naye.

Na hapo mbwa huwapita jamaa wengi. Ndugu yako wa Kisumu mnaonana Krismasi. Mbwa alikuwa akikuamsha saa kumi na mbili, akikungoja umpe makombo, akikutembeza kuzunguka mtaa jioni upende usipende. Akifa, ratiba nzima huvunjika kwa siku moja. Ndiyo sababu watu husema wamesikia mnyororo ukiburutwa uani usiku, au kucha zake sakafuni, wakaogopa kwamba wanarukwa na akili. Hawarukwi. Ubongo uliozoea sauti kwa miaka mingi huendelea kuitarajia, na jambo hili ni la kawaida kwa wafiwa wa kila namna. Hupungua lenyewe.

Liko moja lisilo la kawaida ambalo yafaa ulijue. Wajapani walilieleza mwaka 1990 na kuliita takotsubo, jina la chungu cha kunasia pweza, kwa kuwa moyo ulioshikwa nalo hufura upande wa chini na kufanana na chungu hicho. Mshtuko mkubwa wa huzuni huufanya msuli wa moyo ulegee ghafla. Mgonjwa hupata maumivu ya kifua na kukosa pumzi kama mtu mwenye mshtuko wa moyo, ingawa mishipa yake haijaziba. Walio hatarini zaidi ni wanawake waliokoma hedhi. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa cha mwanamke wa Texas, Marekani, aliyepatwa na hali hiyo baada ya mbwa wake kufa. Alitibiwa akapona, na wengi hupona. Lakini nakusihi, kifua kikikubana usikae nyumbani ukisema ni majonzi tu. Nyumbani hakuna awezaye kutofautisha moyo wenye kihoro na moyo ulioziba mshipa. Nenda hospitali wakakupime.

KABLA YA KULIA, ULIZA AMEKUFAJE

Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo penye hatari ya mauti, na mfiwa hana akili ya kufikiri siku ile.

Ikiwa mbwa wako amegongwa na gari, au amekufa kwa uzee, basi lia tu. Lakini ikiwa katika siku zake za mwisho alibadilika tabia, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole kupita kiasi, akiuma vitu ovyo, akitokwa na mate mengi, taya likining'inia, akishindwa kumeza, akipepesuka miguu ya nyuma, basi chukulia kwamba huenda ni kichaa cha mbwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Serikali yetu imekuwa ikikadiria kwamba Wakenya wapatao 2,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na mwaka 2014 ilizindua mkakati wa kuumaliza ifikapo 2030. Katika watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, Shirika la Afya Duniani linasema kiasi cha asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Kosa linalofanywa na wanaowapenda mbwa wao ni hili: wakimwona ameshindwa kumeza na mdomo uko wazi, hudhani amekwamwa na mfupa. Hutia mkono kinywani wautoe. Hakuna mfupa. Koo limepooza, na mate yale yamejaa virusi. Mkwaruzo mdogo wa jino au kidonda cha zamani kidoleni hutosha.

Ikiwa wewe au mtoto mliumwa, mlikwaruzwa au mlilambwa mahali penye kidonda, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala mswaki. Kisha nenda hospitali siku iyo hiyo. Sindano ya kwanza hutolewa siku hiyo, zinazofuata siku ya 3, ya 7 na kuendelea kadiri utakavyoelekezwa. Kidonda kikiwa kirefu, huongezwa kingamwili zinazodungwa penye jeraha lenyewe. Zile sindano nyingi za tumboni ambazo wazee wetu walizisimulia hazitumiki tena. Siku hizi hudungwa mkononi, au kwa mtoto mdogo pajani.

Na ikiwa mbwa alikufa wiki iliyopita na sasa ndipo unakumbuka kwamba alimkwaruza mtoto? Nenda. Dalili kwa binadamu kwa kawaida huchukua miezi 2 au 3 kuonekana, ingawa zaweza kuja baada ya wiki moja au hata mwaka. Maadamu hazijaonekana, chanjo ina faida. Zikishaonekana, hakuna tiba. Daktari hana la kufanya ila kumpunguzia mgonjwa mateso.

Tena usimzike upesi mbwa wa namna hiyo. Mwite afisa wa mifugo wa kaunti, kwa kuwa ugonjwa huthibitishwa kwa kuupima ubongo, na jibu lake litawahusu majirani pia. Wala usiogope kwa sababu uliyapapasa manyoya yake au kumfunika shuka. Kugusa manyoya kwa ngozi isiyo na jeraha hakuambukizi.

Namna nyingine ya kifo, hasa mijini, ni sumu. Wezi hurusha nyama juu ya ua, na asubuhi mlinzi wenu mnamkuta amekakamaa na povu mdomoni. Dawa za kuua wadudu zinazotumiwa na waovu hawa nyingine hupenya ngozi, kwa hiyo usishike matapishi kwa mikono mitupu, na kusanya nyama iliyobaki kabla mtoto au kuku hajaifikia. Toa taarifa polisi pia. Huzuni ya kifo hiki huja imechanganyika na hofu, maana mwenye nyumba anajua kwamba mbwa aliuawa ili njia iwe wazi. Usishangae ukikosa usingizi kwa mwezi mzima. Nusu ya huo ni huzuni na nusu ni kusikiliza lango.

MTOTO AAMBIWE NINI

Wazazi wengi, kwa huruma, humwambia mtoto kwamba Simba "amelala" au "amepelekwa shamba kwa nyanya". Nashauri msifanye hivyo. Mtoto wa miaka minne akiambiwa kwamba kulala ndiko kulikomwondoa Simba, huenda akakataa kulala, au akaanza tena kukojoa kitandani. Na yule wa shamba atadai kumwona Simba likizo ya Desemba, na siku hiyo atagundua mambo mawili kwa pamoja: kwamba Simba amekufa, na kwamba baba husema uongo.

Mwambie kwa neno lenyewe: amekufa, moyo wake umesimama, hasikii maumivu, na hatarudi. Walio chini ya miaka mitano au sita hawajaelewa kwamba kifo hakirudishwi, hivyo atauliza tena kesho na kesho kutwa. Mjibu vile vile bila kuchoka. Watoto wa umri wa shule za msingi mara nyingi hujilaumu kimoyomoyo: nilimpiga teke, nilisahau kumpa maji, nilisema ninamchukia. Wengine huogopa kwamba sasa baba naye atakufa. Hawatakwambia mpaka uwaulize.

Mwache ashiriki kumzika kama anataka, isipokuwa pale penye shaka ya kichaa au sumu. Shimo liwe na kina cha mita moja hivi, mbali na kisima. Waishio katika nyumba za ghorofa wasio na ua waulize daktari wa mifugo au ofisi ya kaunti, wala wasimtupe jalalani. Nimeona watoto waliokasirika kwa mwaka mzima, si kwa sababu mbwa alikufa, bali kwa sababu alichukuliwa na gari la taka wakiwa shuleni.

MZIGO WA LAWAMA

Mtu mzima naye ana lawama zake. Mzito kuliko zote ni ule wa aliyekubali mbwa wake mgonjwa auawe kwa sindano. Nimesikia mwanamume mwenye ndevu za mvi akisema kwamba anajiona kama muuaji. Yafaa ajue kinachotendeka: mnyama hupewa dawa ya usingizi kwa kiwango kikubwa sana, hupoteza fahamu kwanza, na baada ya hapo moyo ndio husimama. Hana habari. Aliyempeleka alimkata maumivu, hakumkata maisha ambayo yangaliendelea vizuri.

Na aliyechelewa kumpeleka kwa daktari wa mifugo akumbuke kwamba mbwa, kwa asili yake, huficha ugonjwa mpaka usiweze kufichika. Isitoshe, pesa za matibabu huwa ni zile zile za karo. Kuchagua karo si ukatili.

Je, mtu ajitibu vipi? Kwanza, litaje jambo lenyewe kwa mtu mmoja asiyecheka. Mmoja anatosha. Pili, ile safari ya jioni usiiache; tembea mwenyewe saa ile ile, maana mwili wako ulikuwa umeizoea, na kwa mzee aishiye peke yake huenda ndiyo iliyokuwa mazoezi yake pekee. Kuhusu wazee naomba watoto wao wasikie: mzazi aliyekuwa akiishi na mbwa tu huko mashambani, mbwa akifa mpigie simu kila siku kwa wiki kadhaa, umwulize kama amekula na kama amemeza dawa zake. Usimnunulie vidonge vya usingizi dukani, na usiikaribishe pombe. Vyote viwili huleta usingizi mbovu na huzuni nyingi zaidi.

Kwa wengi makali hupungua katika wiki au miezi michache, yakirudi siku moja moja, kama vile unapookota bakuli lake nyuma ya nyumba. Lakini ikiwa kwa wiki mbili mfululizo hupendi chochote, huwezi kwenda kazini, unajiona hufai, au umepunguza uzito sana, hapo huenda ni ugonjwa wa kushuka moyo ambao kifo cha mbwa kimeufungulia mlango tu, nao una tiba. Ukianza kuwaza kujiua usingoje wiki mbili. Mwambie mtu leo, na uende hospitali leo. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inatambua huzuni inayoendelea kupita kiasi baada ya miezi sita. Kwa maandishi inahusu kufiwa na mtu. Mimi mgonjwa akiniketia mbele miezi sita baadaye bado anamlilia mbwa na hali wala halali, siulizi kwanza aliyekufa alikuwa na miguu mingapi.

Mara nyingi mbwa amebeba msiba mwingine mgongoni. Yule mama mjane alimlilia mbwa, na alipoanza kulia ndipo alipomlilia mumewe, ambaye siku ya mazishi yake alikuwa na wageni wengi mno wa kulisha. Shinikizo la damu lilihitaji dawa za ziada kwa muda. Mazungumzo nayo yalihitaji muda.

Mwisho ni swali la mbwa mwingine. Usilete mpya kesho yake kwa ajili ya kuwanyamazisha watoto, na usimpe jina la yule wa kwanza. Kama wa kwanza alikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, mwulize daktari wa mifugo usafishe banda kwa dawa gani na usubiri muda gani, kwa sababu virusi vya pavo hukaa udongoni kwa miezi mingi na huua watoto wa mbwa kwa siku chache. Siku utakapokuwa tayari, wako mbwa wengi wasio na wenyewe wanaongoja makao, kwa mfano katika kituo cha KSPCA jijini Nairobi. Mtoto wa mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Kadi yake iweke mahali pamoja na kadi za kliniki za watoto, ili siku akimkwaruza mtu usiitafute nyumba nzima.